Karani wa Mzani

Saa moja na nusu, mlima umejifunika,
nami nafungua kufuli la mzani.
Kazi yangu haina maelezo mengi:
gunia linapanda, mshale unatapatapa,
nangoja utulie, naandika.
Kilo sitini na moja. Kilo sitini kasoro robo.
Miaka kumi na mmoja katika kiwanda hiki cha kukoboa kahawa,
hapa Moshi, upande wa reli,
naandika uzito wa mali za watu.

Uzito wangu naupima kwa masikio.

Ndewirwa wa stoo akinisalimia, "Vipi, mzee wa kilo,"
naisikia hiyo "kilo" ikidondoka mwishoni
kama kapi la muwa lililokwisha utamu.
Mama Elinami akinimiminia chai nusu kikombe,
jicho langu liko kwenye kikombe cha Shafuri,
kimejaa hadi kinalowesha kisahani.
Nikiingia kantini maneno yanakatika,
na kabla sijavuta kiti nimeshayamalizia mwenyewe:
huyo, sikio la meneja.
Huyo anapunja robo kila gunia, anajenga Kibosho.

Nyumba yangu ya Kibosho!
Vyumba viwili, na dirisha moja la gunia.
Nilishapanga Jumamosi ya kuwapeleka wote wakaione,
wasimame mbele ya lile dirisha kama mashahidi.
Sikumwalika hata mmoja.

Najua ilipoanzia. Meneja aliniita ofisini,
akafunga mlango, akashusha sauti:
kuku wake wanakufa, kasikia mimi nafuga.
Dakika arobaini tuliongea mdondo,
shubiri na pilipili kwenye maji ya kunywa.
Nilipotoka, korido nzima ilikuwa macho.
Ningewaambia nini?
Nani angeamini dakika arobaini za kuku?

Mwezi uliopita malaria ilinilaza siku nne.
Niliporudi nilifungua daftari kwanza, hata koti sijavua.
Mwandiko wa Anasia, yule mchambuaji wa mkanda wa pili,
herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa:
"Karani anaumwa. Hizi tumepima wenyewe.
Zisipite mpaka azione."

Zisipite mpaka azione.
Nilisoma mara tatu.
Nikaitafuta kejeli humo ndani
kama wao wanavyotafuta punje nyeusi, kwa ncha za vidole.
Sikuipata.
Badala ya kufurahi nilijiona nimeibiwa:
miaka yote ile nilikuwa na neno langu la kunung'unikia,
sasa mikono mitupu.

Nikamfuata mkandani, katikati ya vumbi na makelele.
"Anasia, hivi nyie mnanionaje?"
Hakuinua kichwa. Punje moja, nyingine.
"Nani, wewe?
Sisi tunajua hutupendi.
Ukiingia kantini unatuangalia kama unatuhesabu.
Basi tunanyamaza, tusikuvurugie hesabu."

Mkanda ukaendelea kupita.
Nilisimama pale na kalamu sikioni,
nikitafuta cha kusema, na mkanda ulivyokuwa unanguruma
hata ningekipata asingekisikia.

Leo mchana nimeingia kantini.
Maneno yamekatika, kama kawaida yake.
Chai, nusu kikombe. (Hilo la chai sijalielewa bado.)
Nikakaa karibu, si ile meza yangu ya mlangoni,
nikalazimisha macho yatue kwenye chumvi,
nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni:

"Jamani, kuna mtu huku anafuga kuku?"

Kimya. Kijiko cha Shafuri kikagonga kikombe.
Kisha Ndewirwa akacheka,
au alipaliwa.
Nilikuwa karibu kuandika, nikaona
ningoje kwanza mshale utulie.